Habari Ziwafikie Popote Walipo

Wiki yangu ya kwanza kazini, katika makao ya wazee huku Mayo, magharibi ya Ayalandi. Ilikuwa saa ya chai. Vijiko vinagonga vikombe, wazee wawili wanabishana bei ya ndama, mmoja anaita maziwa. Redio ilikuwa juu ya kabati ikijisemea peke yake. Mara chumba kizima kikanyamaza. Mzee aliyekuwa akibishana alilikata neno katikati, akageuza sikio upande wa kabati. Nikaduwaa na birika mkononi. Sauti ya mwanamke, tulivu, isiyo na haraka, ilikuwa ikisoma majina ya watu.

Nilielewa kabla sijaambiwa. Nimekulia Voi. Nyumbani kwetu, redio ya taifa ilipofika kwenye matangazo ya vifo, mama alipunguza moto wa jiko na kutunyamazisha kwa kiganja. "Habari ziwafikie" fulani wa Mwatate, fulani wa bandarini Mombasa, fulani wa reli Nakuru, na jamaa wote popote walipo. Sisi watoto hatukuwajua watu hao, na mama pia wengi wao hakuwajua. Lakini alisikiliza hadi jina la mwisho. Alisema huwezi kujua ni nani anakuita.

Nilivuka bahari na mabara nikidhani desturi hiyo nimeiacha nyuma yangu. Kumbe ilikuwa imetangulia, imekaa juu ya kabati, inanisubiri.

Huku kwetu Mayo kituo ni Midwest Radio, kinachotangaza kutoka mji mdogo wa Ballyhaunis. Kaskazini, Donegal, watu husikiliza Highland Radio. Karibu kila kaunti ina redio yake, na nyingi kati ya hizo husoma vifo mara kadhaa kwa siku, katikati ya muziki, matokeo ya mechi na habari za mnada wa mifugo. Nimewahi kumsikia mgeni mmoja akiliita jambo hili la kutisha. Sikubaliani naye hata kidogo. Nimeishi kwanza katika mji mkubwa wa nchi nyingine ambako jirani wa ukuta kwa ukuta alifariki, nami nikajua baada ya majuma matatu, nilipoona makochi yake yametolewa barabarani. Hilo ndilo lililonitisha.

Aliyenifundisha kusoma tanzia za Kiayalandi ni bibi mmoja wa pale kazini, mwalimu mstaafu. Kila asubuhi baada ya kumvalisha sweta yake alitaka nimfungulie tovuti ya RIP.ie kwenye tableti, tukae wote wawili tupitie waliofariki. Alisoma kama anavyosoma mtu anayejua kila neno limewekwa kwa sababu.

Kwanza jina. Katika Mayo utakuta akina Gallagher au Walsh wa kujaza basi, na akina Michael wasiohesabika, kwa hiyo tanzia huweka na jina la utani, lile ambalo watu walimwitia mtu hasa. Mwanamke aliyeolewa huandikwa kwa jina la mumewe, kisha jina la kwao alikozaliwa, ili hata waliosoma naye darasa la pili wamtambue. Halafu mahali: kijiji, parokia, kaunti. Na mara nyingi sana baada ya kijiji hufuata "na aliyewahi kuwa wa Kilburn, London", au wa Chicago, au wa Cleveland, mji wa Marekani walikohamia watu wengi wa kisiwa cha Achill. Bibi alikuwa akisimama hapo. Maneno hayo machache, alisema, ni miaka arobaini ya mtu kubeba matofali ugenini na kutuma pesa nyumbani.

Kisha namna alivyoondoka. "Kwa amani" ni mzee aliyelala asiamke, au aliyeshikwa mkono hadi mwisho. "Baada ya ugonjwa mrefu alioubeba kwa ujasiri" mara nyingi ni saratani. "Ghafla" huenda ni moyo. Yapo pia maneno yanayoashiria ajali, au kifo ambacho familia haina nguvu ya kukisema kwa jina. Hapo, bibi aliniambia, mtu haulizi. Anachukua koti lake na kwenda.

Sehemu iliyonishika zaidi ni ile ya waliotangulia. Hutajwa mume, wazazi, kaka na dada walioondoka kabla. Siku moja tulisoma tanzia ya mama wa miaka tisini na kitu, na katika waliomtangulia palikuwa na jina la mtoto mchanga wa kiume. Bibi akapiga hesabu. Mtoto yule lazima alikuwa amefariki zaidi ya miaka sitini iliyopita, labda akiwa na siku mbili tatu. Na bado, siku mama yake anatangazwa, naye ametajwa jina pamoja na wengine wote. Tulikaa kimya kidogo. Nilikuwa na wazee wengine wa kuvalisha, lakini sikuinuka.

Mwisho wa tanzia ndipo yanapokuja ya kutenda: marehemu atalazwa wapi ili watu wamuage, saa ngapi hadi saa ngapi, misa lini, kaburi lipi. Kama nyumba ni ya familia tu, husemwa wazi na kwa adabu. Maua au sadaka, vilevile. Na mara nyingi mstari wa Kiayalandi: *Ar dheis Dé go raibh a anam*, roho yake iwe mkono wa kuume wa Mungu. Kwa mwanamke huandikwa *a hanam*, herufi moja tu imeongezeka. Kwetu pia tangazo lilifungwa kwa Bwana alitoa, Bwana ametwaa.

"Watu hudhani hii ni habari," bibi aliniambia. "Huu ni mwaliko."

Ndiyo maana kila kitu kinakwenda haraka. Huku mtu akifariki Jumatatu, mara nyingi Alhamisi ameshazikwa. Bila tangazo watu wasingejua kwa wakati. Tovuti ile ya RIP.ie ilianzishwa Dundalk mwaka 2005, na ndani ya muda mfupi ikawa kitu ambacho Waayalandi hufungua asubuhi kabla ya habari za dunia, pamoja na wale walio Sydney na Boston. Wakati wa korona ilifanya kazi ambayo hakuna aliyeipanga. Sheria iliwapa watu hadi miezi mitatu kusajili kifo, kwa hiyo takwimu rasmi zilichelewa. HIQA, mamlaka ya ubora wa huduma za afya, ikazigeukia tanzia ili kukadiria vifo vilivyozidi kiwango cha kawaida mwaka 2020. Matangazo ya majirani yalikuwa yamelitangulia daftari la serikali.

Mwaka 2024 tovuti hiyo ilinunuliwa na gazeti la The Irish Times, na kuanzia Januari 2025 tanzia moja hulipiwa yuro 100. Nikilinganisha na bei ya jeneza si pesa nyingi, na najua mitambo haiendeshwi kwa hewa. Hata hivyo niliumia. Ningependa jina la mtu wa mwisho kabisa, asiye na mtoto wala shamba, lisomwe bila mtu kuuliza nani atalipa.

Mazishi yangu ya kwanza huku yalikuwa ya mzee yule wa ndama. Nilikwenda kuaga nyumbani kwao nikiwa na wasiwasi wa mgeni: nikae wapi, niseme nini, nilie au nisilie. Mlango ulikuwa wazi. Wanaume wamesimama uani, wameweka mikono mifukoni, wanazungumza kwa sauti ya chini. Ndani, mzee amelala katika jeneza lililo wazi, rozari imezungushwa vidoleni. Familia imekaa kando yake kwa mstari. Unapita, unashika mkono wa kila mmoja na kusema maneno manne ya Kiingereza, *Sorry for your trouble*, ambayo hayabadiliki awe anazikwa tajiri au maskini. Kwa Kiayalandi ni *Ní maith liom do thrioblóid*, si vyema kwangu taabu yako. Niliposikia watu wakiyasema mmoja baada ya mwingine, mamia ya mikono, nikatambua ni "pole". Pole tu, pole na msiba, ambayo nilikuwa nimeitafuta katika Kiingereza kwa miaka na kuambulia "samahani". Nilikuwa nayo tayari mdomoni.

Baada ya kushika mikono, unapelekwa jikoni na hutoki bila kula. Mkate wa nyama ya nguruwe, mkate wa mayai, keki, chai nyeusi kama ya reli. Mama mmoja aliniambia kwamba usiku ule wa kifo walifungua dirisha ili roho itoke, na saa ya ukutani wakaisimamisha, kama mama yake alivyofanya. Maiti haikuachwa peke yake hadi asubuhi. Kaburi lilichimbwa na majirani. Nilipouliza kama wamelipwa, aliniangalia kama nimeuliza kama Ekaristi inauzwa.

Na gari la maiti linapopita, magari mengine husimama. Hilo Mayo halichezewi. Ipo hadithi kwamba mwaka 1951 timu ya kaunti ilikuwa ikirudi na kombe la Ayalandi nzima la kandanda ya Kigaeli, ikapita Foxford kwa shangwe bila kuheshimu mazishi yaliyokuwa njiani, ikalaaniwa isilitwae tena maadamu yuko hai hata mmoja wa wachezaji wale. Hakuna aliyethibitisha laana hiyo. Lakini tangu 1951 Mayo haijalitwaa kombe la wanaume, na wachezaji wale wote wameshafariki. Sijali kama ni kweli. Najali kwamba watu walipotafuta kosa kubwa kiasi cha kueleza huzuni ya kaunti nzima, walilochagua ni kulipita jeneza bila kusimama.

Zamani kabla ya redio, tanzia ilikuwa ni kilio chenyewe. Wanawake waombolezaji, *mná caointe*, walikaa kando ya maiti wakamwimba: ukoo wake, farasi wake, ukarimu wake, aliyemwonea. Maaskofu walikemea jambo hilo kwa vizazi hadi likafifia. Mwaka 1773 Art Ó Laoghaire aliuawa kwa risasi huko Cork, na mkewe, Eibhlín Dubh Ní Chonaill, akamlilia kwa maneno ambayo yalibebwa midomoni mwa watu kabla ya kuandikwa, na bado yanasomwa shuleni. Jina la mtu yule limedumu zaidi ya miaka 250 kwa sababu kuna aliyelitamka siku ile kwa sauti.

Nasema haya ili nilifikie lile ambalo ni zito kwangu kuliandika. Nchi hii inayosoma majina kwa uangalifu namna hii iliwahi kuwanyima majina baadhi ya wafu wake, na ikafanya hivyo ikijua.

Kuna mahali panaitwa *cillín*. Watoto waliokufa kabla ya kubatizwa hawakuruhusiwa kuzikwa kwenye ardhi iliyobarikiwa, kwa hiyo baba aliubeba mwili mdogo, mara nyingi usiku, akauzika kwenye mpaka wa mashamba, ukingoni mwa bahari, ndani ya boma la kale. Jiwe la kawaida lisilo na maandishi, basi. Desturi hiyo iliendelea hadi katikati ya karne ya 20. Mayo ina nyingi. Nimepelekwa kwenye mojawapo, na aliyenipeleka, mkulima wa miaka themanini, alionyesha kidole akasema, "Dada yangu yuko hapa kati," kisha akashindwa kuendelea. Siku hizi parokia zinapabariki na kuweka alama. Nami nikakumbuka tanzia ile ya mama na mwanawe mchanga, nikaelewa kwa nini jina lile lilimtuliza bibi kimya.

Na kuna Tuam, kaunti ya Galway, si mbali na sisi. Kuanzia 1925 hadi 1961 palikuwa na makao ya akina mama waliopata mimba nje ya ndoa, yakiendeshwa na masista wa Bon Secours. Mwanamke wa hapo hapo, Catherine Corless, mtafiti wa historia asiye na cheo, alijiuliza watoto waliokufa mle walizikwa wapi. Akaenda kwenye ofisi ya usajili. Vyeti vya vifo vikapatikana, kimoja baada ya kingine, hadi vikafika 796. Kumbukumbu za mazishi hakuzipata. Mwaka 2017 tume ya serikali ikathibitisha kwamba kuna mabaki mengi ya watoto ndani ya vyumba vya chini ya ardhi pale. Serikali iliomba radhi Januari 2021, na Julai 2025 uchimbaji ukaanza ili watambuliwe kadiri inavyowezekana na wazikwe kwa heshima.

Bibi yangu wa tableti alikuwa anazifuata habari hizo kwa karibu. Kilichomkera kuliko yote ni kwamba wakati wanakufa, kila mmoja wao alikuwa na jina, umri na sababu ya kifo, na yote yaliandikwa na karani kwa wino mzuri. Serikali ilijua. Hakuna aliyesoma kwa sauti. Nilipoiona orodha ile kwa mara ya kwanza nilijaribu kuisoma yote kwa kutamka, jikoni kwangu, peke yangu. Inachukua muda mrefu. Ndiyo njia pekee niliyoijua ya kuwafanyia kitu.

Mama yangu alifariki alfajiri ya Jumanne. Karatasi zangu za ukaaji zilikuwa zimewasilishwa kufanywa upya na hazijarudi, kwa hiyo kusafiri kulimaanisha huenda nisirudi kazini, na kazi hiyo ndiyo iliyokuwa inalipa hospitali na sasa mazishi. Ndugu zangu wakasema baki, dada, tutamzika. Nilimzika kwa simu. Picha ilikuwa inakatika. Niliona kanga, udongo mwekundu, mabega ya watu, kisha sura yangu mwenyewe kwenye kioo cheusi.

Nilimwambia mwenzangu mmoja tu wa kazini, kwa sababu nilihitaji mtu wa kushika zamu yangu. Jioni hiyo mlango ukagongwa. Alikuwa mkulima wa ng'ambo ya barabara, ambaye kwa miaka miwili tulikuwa tumesalimiana kwa kidole tu, chake kikiinuka juu ya usukani. Alivua kofia, akanishika mkono, akasema maneno yale manne. Nyuma yake mkewe na sinia la mikate. Nyuma yao wengine. Kufikia saa mbili usiku viti vilikuwa vimekwisha na watu wamekaa ngazini. Hakuna aliyemjua mama, na bado walikaa.

Waliniuliza maswali, na yalikuwa maswali ya tanzia. Aliitwa nani? Kwao ni kwa nani, kabla hajaolewa? Aliugua muda mrefu? Nani walimtangulia? Nikawaeleza juu ya baba, na juu ya kaka yangu niliyempata kwa simulizi tu, aliyefariki kabla mimi sijazaliwa. Nikawaeleza kwamba mama alikuwa mtu wa Jeshi la Maria (Legion of Mary), chama cha waumini Wakatoliki, na niliposema hivyo wazee wakainua vichwa, maana chama hicho kilizaliwa Dublin mwaka 1921. Aliyekieneza kwetu ni Edel Quinn, binti wa kaunti ya Cork aliyekuja Nairobi mwaka 1936 akiwa tayari ameguswa na kifua kikuu, akazunguka Afrika Mashariki hadi nguvu zikamwishia. Alifariki Nairobi tarehe 12 Mei 1944 na amezikwa huko, kwenye makaburi ya wamisionari ya St Austin's. Mama aliwahi kulitembelea kaburi lake. Siku naondoka aliniambia, nenda, mwanangu, unakwenda kwa kina Edel. Mke wa mkulima akasema basi tumebadilishana, binti yao yuko kwenu na wewe uko kwetu. Akatoa rozari mfukoni, wakasali mafungu matano kwa Kiingereza, nami nikajibu kwa Kiswahili. Hivyo ndivyo nilivyokaa matanga Mayo.

Jumapili iliyofuata, kwenye karatasi ya matangazo ya parokia, kati ya ratiba ya misa na bahati nasibu ya klabu, palikuwa na mistari miwili: pole kwa jirani yetu kwa kufiwa na mama yake, na jina la mama kamili, Voi, Kenya. Mwezi mmoja baadaye ikasomwa misa ya mwezi, ambayo huku kila marehemu husomewa. Niliikata ile karatasi nikamtumia dada. Akaionyesha kijiji kizima.

Novemba ni mwezi wa marehemu. Parokia huwapa watu bahasha, unaandika majina ya wafu wako, na bahasha hizo hukaa altareni mwezi mzima. Na katika misa moja husomwa kwa sauti majina ya waliofariki mwaka ule, kila jina na mshumaa wake. Padri alinipigia simu. Alitaka kumweka mama, lakini jina lake la Kitaita lina *gh* katikati, na kila alipojaribu ilitoka *g* kavu ya Kiingereza. Hakutaka kulisoma vibaya. Nikamtamkia kwenye simu, gh, kama ya ghafla, kama ya ghali. Haikuja.

Padri huyo alikuwa anakuja kwetu kazini kila Ijumaa kuwapa wazee komunyo. Ijumaa hiyo nilimkuta ameinama kando ya kiti cha bibi. Bibi ni mzaliwa wa Tourmakeady, kwenye vijiji ambako Kiayalandi hakijawahi kukatika, na katika lugha yake sauti ile ipo na huandikwa vilevile, *gh*. Alikuwa ameshika mkono wa padri, kamweka vidole chini ya koo lake mwenyewe, anamsomesha kama mtoto wa darasa la kwanza. Tena. Tena. Laini zaidi. Usiibane.

Jumapili ya misa hiyo mvua ilikuwa inanyesha na kanisa limejaa makoti. Majina yalikuwa ishirini na matatu. La mama lilikuwa la kumi na nne. Padri alipolifikia alitulia kidogo, akavuta pumzi, kisha akalitamka lote, na ile gh ikapita kooni mwake polepole, bila kubanwa, kama inavyopita kwetu. Mtoto mmoja akauwasha mshumaa. Mkulima wa ng'ambo ya barabara aligeuka kutoka benchi la mbele, akaniinamishia kichwa. Padri akasoma jina lililofuata.